Puli, Pula na Kitovu: Nyenzo za Kutoa na Kurudisha Kitovu cha Krenkishafti na Lugha ya Mafundi wa Nakuru

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Wahenga hao hao walinena pia kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hizi mbili hukutana na kuzozana kila siku katika gereji za Nakuru. Gari limesimama, mwenye gari yuko kando akitazama saa, na fundi ameshika nyundo. Je, aanze na hicho alicho nacho mkononi, au aende kwanza kutafuta zana iliyo sahihi? Kazi nyingi za gereji humsamehe fundi aliyeanza na alicho nacho. Kazi moja haisamehi: kutoa na kurudisha kitovu cha krenkishafti.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, yanafafanua kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, pamoja na zana zinazohitajika na namna ya kuzipata. Pili, yanachunguza majina ya zana hizo, kwa kuwa fundi asiyekuwa na jina la zana huipata kwa taabu, na mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua zana hulipata jina lake kwa taabu zaidi. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya mitambo. Madai hayo hayajibiwi kwa hotuba, bali kwa kuichukua kazi moja ndogo iliyo ngumu na kuieleza hadi ikamilike.

Nakuru na vumbi lake

Nakuru ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1900, na tangu wakati huo mji huo umekuwa njia panda ya vyombo vya usafiri. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret hupita hapo. Malori huupanda mlima hadi Mau Summit, kisha hurudi kwa kuuteremka mteremko wa Salgaa unaoogopwa na madereva. Upande wa Njoro, Rongai na Molo kuna mashamba ya ngano, mahindi na viazi, na kwa hiyo kuna matrekta na pikapu za wakulima. Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, gereji zake za jua kali zilikuwa zimekwisha kuhudumia vizazi kadhaa vya magari.

Aidha, inasemekana kwamba jina la Nakuru lina asili ya Kimaasai na kwamba maana yake inahusiana na vumbi. Anayelijua bonde hilo wakati wa kiangazi hatashangaa. Udongo wake ni wa volkeno, mwepesi na mkavu. Karibu na Gilgil, mahali paitwapo Kariandusi, huchimbwa daitomaiti, aina ya udongo mweupe laini uliotokana na mabaki ya viumbe wadogo wa ziwani. Vumbi hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na mada hii. Mbele ya injini, pale ambapo krenkishafti hutokeza nje, pana duara la raba liitwalo sili, ambalo kazi yake ni kuzuia oili isivuje. Vumbi likichanganyika na oili hugeuka msasa, nao msasa huo huila midomo ya sili kidogo kidogo. Oili huanza kuvuja na kuichafua mikanda. Siku hiyo fundi hana budi kukitoa kitovu, kwani sili iko nyuma yake.

Kitovu cha krenkishafti ni nini?

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka. Krenkishafti ni mhimili wenye mikunjo unaogeuza mwendo huo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Ncha yake ya nyuma hupeleka nguvu kwenye gia na hatimaye kwenye magurudumu. Ncha ya mbele hubeba kitovu, na juu ya kitovu hicho mna puli, yaani gurudumu lenye mifuo ambamo mikanda hupita ili kuendesha altaneta, pampu ya maji na vifaa vingine.

Katika injini nyingi kitovu na puli havikuundwa kwa chuma kimoja. Katikati mna kitovu chenyewe, nje mna ringi nzito ya chuma, na baina yao mna raba iliyogandishwa kwa pande zote mbili. Raba hiyo haikuwekwa kwa bahati. Kila silinda inapolipua mafuta, krenkishafti husokotwa kidogo kisha hujirudisha, mithili ya waya wa zeze uliochapwa. Msokoto huo ukikutana na mwendo fulani wa injini huongezeka, na unaweza kuivunja krenkishafti. Ringi ya nje hukawia kuufuata msokoto huo, na raba huumeza mtikisiko. Wahandisi wa magari, akiwemo Mwingereza Frederick Lanchester, walilishughulikia tatizo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo kifaa cha kumeza mtikisiko kimekuwa sehemu ya kawaida ya injini nyingi.

Kitovu hushikwa na vitu viwili. Cha kwanza ni bolti moja kubwa ya katikati. Cha pili ni kii, kipande kidogo cha chuma, mara nyingi chenye umbo la nusu mwezi, kinachoingia katika mfuo wa krenkishafti na mfuo wa kitovu ili viwili hivyo vizunguke pamoja. Katika baadhi ya injini kitovu huingia kwa kubana sana. Katika nyingine huteleza kwa urahisi bolti ikishatoka, isipokuwa pale ambapo kutu na miaka vimekigandisha.

Namna ya kukitoa

Kazi huanza kwa kuondoa waya wa hasi wa betri, ili injini isije ikawashwa mikono ya mtu ikiwa ndani. Kisha mikanda hulegezwa na kuondolewa. Baada ya hapo fundi hukabiliana na bolti ya katikati, na hapo ndipo shida ya kwanza inapoanza. Bolti hiyo hukazwa kwa nguvu nyingi kuliko bolti nyingi za injini, na kila fundi anapojaribu kuifungua, injini nzima huzunguka pamoja nayo.

Ili kuifungua yahitajika soketi ya kipimo sahihi. Katika magari mengi ya Kijapani yaliyojaa barabarani Kenya, kichwa cha bolti hiyo huwa cha milimita 17, 19 au 22. Soketi ya pembe sita ni bora kuliko ya pembe kumi na mbili, kwa sababu hukishika kichwa cha bolti kwenye nyuso zake bapa badala ya kwenye ncha zake. Spana inayorekebishika haifai kabisa, kwa kuwa taya zake huachia kidogo mzigo unapozidi, na kichwa cha bolti kikishaviringika kazi ya saa moja huwa ya siku mbili.

Yahitajika pia mkono mrefu wa kuizungushia soketi. Faida ya urefu huo ni jambo la hesabu. Mtu akisukuma kwa nguvu ya Newton 100 kwenye ncha ya mkono wa mita 1, bolti hupata Newton-mita 100. Mkono ukiwa wa nusu mita, atalazimika kusukuma kwa Newton 200 ili apate kiasi kile kile. Hii ndiyo sababu mafundi huchomeka paipu kwenye mpini. Hata hivyo, paipu haimbagui fundi na bolti. Ikiwa soketi imekaa upande, mkono huteleza, na vidole vya fundi ndivyo hupokea nguvu yote iliyokusudiwa bolti.

Kuizuia injini isizunguke kuna njia kadhaa. Njia bora ni kishikizo, yaani bamba refu la chuma linalofungwa kwa bolti mbili kwenye mashimo ya kitovu chenyewe, kisha ncha yake ya pili ikaegemezwa mahali imara. Njia nyingine ni kuyazuia meno ya flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Kwa gari la gia za mkono, msaidizi anaweza kuingiza gia ya juu na kukanyaga breki. Kwa gari la gia za kujibadilisha zenyewe njia hiyo haifai, kwa kuwa injini na magurudumu huunganishwa na mafuta yanayozunguka, si kwa klachi inayobana.

Ipo njia nyingine ambayo wengi huijua na ambayo hapana budi itajwe ili iepukwe: kuuegemeza mkono wa soketi kwenye fremu ya gari kisha kuwasha stata, ili injini ijifungulie bolti yenyewe. Wakati mwingine hufaulu. Wakati mwingine mkono huo wa chuma huchomoka na kuruka, na aliyeinama karibu ndiye huumia.

Bolti ikishatoka, hubaki kitovu. Hapa ndipo uteuzi wa zana huwa na uzito mkubwa kuliko mahali pengine pote. Kuna pula za aina mbili. Pula ya makucha ina mikono miwili au mitatu iliyopinda, ambayo hushika ukingo wa kitu kwa nje. Pula ya bolti haina makucha. Ni bamba lenye matundu, na bolti zake hupita kwenye matundu hayo zikaingia katika hesi za kitovu chenyewe. Zote mbili zina skrubu ya katikati inayosukuma ncha ya krenkishafti huku pula ikivuta.

Pula ya makucha ikiwekwa kwenye ukingo wa puli yenye raba, huvuta ringi ya nje, ilhali kitu kilichoganda ni kitovu cha ndani. Baina yao mna raba. Raba ndiyo itakayoachia kwanza. Huenda isikatike mbele ya macho ya fundi. Mara nyingi huachia kidogo tu, gari likaondoka likinguruma vizuri, na baada ya muda ringi ikaanza kuteleza juu ya kitovu. Mkanda hulia, hukimbilia upande, au hukatika. Vilevile alama ya taimingi iliyochongwa kwenye ringi hiyo huhama mahali pake, na fundi wa pili anayeitegemea hupotoshwa bila ya kujua ni nani aliyempotosha.

Kwa hiyo kanuni ni kuvuta kile kilichoganda, si kile kilicho karibu na mkono. Pula ya bolti huishika sehemu inayotakiwa kutoka. Bolti zake ziwe za chuma kigumu, zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani, na ziingie kwa vidole mizunguko ya kutosha kabla ya kukazwa. Skrubu ya katikati isisukume juu ya hesi za ndani za krenkishafti. Yafaa kuweka kipande cha chuma baina yao, maana hesi hizo zikiharibika bolti kubwa haitakuwa na pa kushika. Moto nao haufai, kwa sababu huiua raba na sili hata kama utalegeza kutu.

Namna ya kukirudisha

Wengi hudhani kurudisha ni kutoa kuliko geuzwa. Dhana hiyo imeharibu injini nyingi. Kabla ya kukirudisha kitovu, fundi huipangusa shingo yake na kuipitishia ukucha. Ikiwa midomo ya sili ya zamani imeichimba mfuo, sili mpya itavuja kama ile iliyotolewa. Midomo ya sili mpya hupakwa oili kidogo, na kii huhakikiwa kwamba imekaa mahali pake. Kitovu kikisukumwa juu ya kii iliyohama, kimoja kati ya hivyo viwili lazima kivunjike.

Kishawishi kikubwa hapa ni nyundo. Kitovu kinachobana hukataa kuingia kwa mkono, na nyundo iko karibu. Lakini kila pigo husafiri ndani ya krenkishafti hadi kwenye beringi zinazoizuia isisogee mbele na nyuma, na hizo hazikuundwa kupokea mapigo. Zana sahihi ni nondo yenye hesi. Ncha yake moja huzamishwa ndani kabisa ya tundu la krenkishafti, kitovu huvishwa juu yake, kisha nati yenye washa nene na beringi hukazwa polepole hadi kitovu kifike mwisho wa safari. Badala ya kupigwa, kitovu husukumwa.

Wapo wanaoitumia bolti ya gari yenyewe kukivuta kitovu. Hatari yake ni kwamba kitovu kikiwa bado mbali, bolti hushika hesi mbili au tatu tu za mwanzo, na mzigo wote huwa juu ya hizo. Hesi zikikwanguka, tatizo linakuwa si la sili ya bei ndogo tena. Limekuwa la krenkishafti, na injini nzima itashushwa.

Mwishowe bolti hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa injini hiyo. Viwango hutofautiana, na baadhi ya watengenezaji huagiza bolti mpya kila mara kwa kuwa ya kwanza hunyooka inapokazwa. Ikumbukwe pia kwamba zipo injini, zikiwemo baadhi za Ford na za Mazda, ambazo kitovu chake hakina kii. Katika injini hizo mkazo wa bolti peke yake ndio unaozuia taimingi isihame. Fundi akiilegeza bolti bila ya kuifunga kwanza krenkishafti na kemushafti kwa pini maalumu, amekwisha kuiharibu taimingi kabla hajatoa kitu chochote.

Zana hupatikanaje?

Zana hizi hununuliwa, huazimwa au hutengenezwa. Iwe vipi, fundi anapaswa kwanza kujua mambo manne: kipimo cha kichwa cha bolti ya katikati, idadi ya mashimo ya kitovu na umbali baina yake, aina ya hesi za mashimo hayo, na nafasi iliyopo mbele ya kitovu. Jambo la nne husahauliwa. Katika Toyota Probox, kwa mfano, injini hulala kikingamo, na kitovu huelekea upande wa gurudumu la mbele. Gurudumu hutolewa ili kazi ifanyiwe hapo, na pula ndefu hugonga bodi kabla haijashika kitu.

Si kila fundi ana pula yake. Katika gereji zilizopangana, zana ghali huwa ya mmoja na hutumiwa na wengi, na aliyeazima huulizwa anakwenda kutoa nini. Swali hilo ni la kitaalamu. Anayejibu kwamba anataka pula tu anaweza kupewa ya makucha. Anayejibu kwamba anataka pula ya bolti mbili, za milimita nane, ya kutolea kitovu, hupewa inayofaa au huambiwa kwamba haipo.

Isipokuwepo, hutengenezwa. Bamba nene la chuma hukatwa, hutobolewa kwa keekee kulingana na mashimo ya kitovu, na nati kubwa huchomelewa katikati ili kupokea skrubu. Ncha ya skrubu hukerezwa ili isiume. Ni kazi isiyomchukua mchomeleaji hodari muda mrefu, mradi aliyemwagiza alete vipimo wala si maneno kama “kitu cha kuvuta ile kitu”. Hasara ya kauli hiyo ya pili humwangukia mwenye matatu aliyekosa kazi ya siku nzima, au mkulima ambaye trekta lake limelala mvua ikiwa mlangoni.

Majina ya zana na suala la istilahi

Msomaji aliyefika hapa ameona kwamba maelezo yote yametolewa kwa Kiswahili. Ameona pia kwamba Kiswahili hicho kina tabaka kadhaa. Tabaka moja ni la pwani: keekee, jiliwa, tupa, tindo, kereza. Haya ni maneno ya maseremala, wahunzi na waundaji wa vyombo vya baharini. Tabaka jingine ni la safari za lugha: karakana limetoka Uajemi kwa kupitia Uhindi, gari limetoka Uhindi, na parafujo limetoka Ureno. Tabaka la tatu ni la Kiingereza kilichotoholewa: spana, bolti, nati, injini, gereji, puli, pula.

Tabaka hili la tatu lina mtego wake. Puli ni kitu kinachotolewa, na pula ni zana inayokitoa. Irabu moja tu ndiyo inayovitenganisha, na katikati ya kelele za gereji irabu moja ni kitu chembamba. Pwani, kitu kinachoitwa puli na makanika kina jamaa yake wa kale: kapi, au roda, gurudumu ambamo kamba ya tanga hupita. Kamba ya jahazi na mkanda wa altaneta hufuata kanuni moja. Hata hivyo, haielekei kwamba makanika wa Nakuru ataacha kusema puli kwa sababu Lamu husemwa kapi.

Je, pula ipewe jina la asili? Kitenzi vuta kingefaa, lakini nomino kivutio imekwisha kuchukuliwa, na Nakuru kila mtu anajua kwamba kivutio ni ziwa. Muundo wa kifunguakinywa, kifunguamimba na kivunjajungu unaruhusu king'oakitovu. Kasoro yake ni kwamba kung'oa hudokeza nguvu ya vurugu, mathalani ya kung'oa kisiki, ilhali kitovu hutakiwa kutoka polepole na kwa unyoofu. Kichomoakitovu lingekaribia zaidi, kwa kuwa kuchomoa ni kutoa kitu pale kilipoingia. Lakini neno hilo ni refu, na msikilizaji asiyejua muktadha atafikiria kitovu cha binadamu.

Kinyume chake ni majina ambayo mafundi wameyaunda bila ya msaada wa mtu. Spana inayorekebishika huitwa spana malaya, kwa kuwa haibagui nati. Mtunga kamusi anaweza kuona haya kuliandika, lakini hawezi kukana kwamba jina hilo limebeba maelezo ya kazi, na hata onyo, kwa neno moja. Hali kadhalika, istilahi ya jua kali haikutoka katika kamati yoyote. Ilianza kwa mafundi waliofanya kazi bila paa, na kufikia mwaka 1992 ilikuwa katika jina la Waraka wa Bunge Nambari 2 wa serikali ya Kenya kuhusu biashara ndogo ndogo na maendeleo ya jua kali.

Haimaanishi kwamba kazi ya wataalamu haina maana. Rajmund Ohly alitoa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili huko Dar es Salaam mwaka 1987, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Bila ya juhudi kama hizo, maneno kama nguvu, mkazo na msuguano yasingekuwa na mipaka inayoeleweka. Lakini pengo lililo kati ya kamusi na gereji halitazibwa kwa kuunda maneno mapya pekee. Neno pula halihitaji mrithi. Linahitaji fasili inayolitenga na puli, na inayoitenga pula ya makucha na pula ya bolti, kwa sababu tofauti hiyo ya pili ndiyo inayookoa raba. Vivyo hivyo, kii ibaki kii, maana tukiiita ufunguo atatokea mwanagenzi atakayekwenda kuitafuta kwenye swichi ya gari. Kitovu na habu viandikwe pamoja kama visawe, na matumizi yaamue.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kitovu cha krenkishafti hutolewa kwa pula inayokishika chenyewe, hurudishwa kwa nondo inayokisukuma, na hukazwa kwa spana inayopima. Yameeleza pia kwamba kuipata zana hiyo hutegemea kuitaja kwa usahihi. Methali mbili zilizotajwa mwanzoni hazipingani kama zinavyoonekana. Mchagua jembe anayelaumiwa ni yule anayechagua ili asilime. Anayechagua kwa kuwa ameupima udongo analima tayari.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lakini magari yanayoingia nchini kutoka Japani huja na vitabu vya Kijapani au vya Kiingereza, na elimu ya kuyatengeneza hupita kwa mdomo kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi, katika Kiswahili ambacho hakuna anayekiandika. Wanafunzi wa Kiswahili walioko Njoro na Nakuru hawako mbali na gereji hizo. Daftari moja, lenye jina la kila zana, kile ambacho zana hiyo hushika, kazi inayofanya na kazi isiyopaswa kufanya, linaweza kujazwa katika likizo moja. Kazi hiyo ianze kabla mafundi wazee, ambao hukumbuka majina hata ya zana zisizotumika tena, hawajafunga masanduku yao.